Stelingi Hafi

Tukikutana washikaji tuliokua pamoja, mazungumzo yakishapita kwenye mpira, kodi ya nyumba na nani kaoa, lazima yafike kwenye sinema. Nani anaikumbuka ile? Yule jamaa aliruka vipi kutoka kwenye ndege? Watu wazima, vitambi vimeanza, wengine wana shahada mbili, tunanyanyuka kwenye viti kuonyeshana pigo la Van Damme. Kila mmoja ana sinema yake ambayo haijamtoka mpaka leo. Nimeona niandike kuhusu zangu. Sisemi ndizo bora kuliko zote. Nasema ndizo zilizobaki.

Nimekulia Morogoro, Kihonda. Kama ulikulia uswahilini katika mji wowote wa nchi hii miaka ya 2000, huna haja ya kuelezwa banda la video ni kitu gani. Lakini nyinyi wa geti kali niwaeleze kidogo. Ni chumba kimoja, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasione. Mbele kuna televisheni moja juu ya meza, imewekewa nondo kama mfungwa. Mabenchi ya mbao, sakafu imejaa maganda ya karanga na makapi ya miwa, joto la kuivisha maandazi. Nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki: saa nane mchana, saa kumi jioni, saa moja usiku. Kiingilio kwa watoto kilikuwa shilingi 50. Ukikosa, ulitafuta tundu kwenye gunia ukachungulia kwa jicho moja mpaka utimuliwe.

Kitu muhimu kuliko vyote kilikuwa mtafsiri. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilikuja kusambaa nchi nzima kwenye mikanda aliyoitafsiri. Sisi tulikuwa na wetu, kijana mmoja mwenye sauti nzito aliyekaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti. Alikuwa anaongea juu ya sinema yote, mwanzo mpaka mwisho. Kiingereza chake sijui kilikuwa cha kiwango gani, lakini hakuna aliyewahi kulalamika. Mzungu akifungua mlango, yeye anatuambia anafungua kwa sababu nyumba ina kunguni. Jambazi akipanda gari, anasema anawahi daladala ya Msamvu. Tulikuwa tunalipia sinema moja na kupata mbili.

Na tulikuwa na kanuni moja ambayo kila mtoto wa banda aliijua kabla ya kujua tebo ya pili: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa baharini, lakini hafi. Ukiona mtu ameonyeshwa mwanzoni kabisa, ana misuli na anaongea kidogo, tulia, huyo tutarudi naye nyumbani.

Sinema iliyonifundisha kanuni hii ni Commando, ya 1985. Arnold Schwarzenegger ni John Matrix, kanali mstaafu anayeishi mlimani na binti yake Jenny. Majambazi wanamteka binti ili baba akubali kwenda kumuua rais wa nchi inayoitwa Val Verde, dikteta wa zamani arudi madarakani. Wanampakia kwenye ndege. Matrix anashuka kupitia kwenye matairi wakati ndege inaruka, anaangukia kwenye kinamasi, anaseti saa yake. Ana saa 11 kabla ndege haijatua na wao hawajajua kwamba hayumo. Nadhani nimeiona zaidi ya mara 20. Nilijua kila bunduki anayoichukua kwenye lile duka na mpangilio wa kuzivaa.

Val Verde haipo kwenye ramani. Ilibuniwa tu ili ipatikane nchi ya kupigania. Na wale askari wanaoanguka kisiwani mwishoni, makumi kwa makumi, hakuna hata mmoja mwenye jina. Mtafsiri wetu alikuwa anawahesabu: "Huyo wa kumi na nne, huyo wa kumi na tano, huyu alikuwa anakwenda chooni!" Tulikuwa tunahesabu naye kwa sauti, kama tunahesabu magoli. Hatukuwa watoto wabaya. Ndivyo hadithi ilivyopangwa: mwenye jina ni mmoja, waliobaki ni idadi.

Ya pili ni The Gods Must Be Crazy, ya 1980, ya Jamie Uys wa Afrika Kusini. Hii hata mama yangu aliipenda, na mama hakupenda kitu chochote kilichotoka bandani. Rubani anatupa chupa tupu ya Coca-Cola, inaangukia Kalahari kwa watu ambao hawajawahi kuona kioo. Chupa moja, familia nzima, ugomvi unaanza. Mzee wa familia, Xi, anafunga safari kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na hata leo nikiiona kuna sehemu nacheka.

Lakini kuna siku nikiwa chuo, kwenye somo la filamu za makala, tulionyeshwa N!ai, ya John Marshall, nayo ya 1980. Marshall aliwarekodi watu wale wale wa Tsumkwe, Namibia, kwa miaka mingi. Ndani yake anaonyesha wacheza sinema ya Uys wakiwa kazini. Watu niliowajua kama wasiojua fedha wala bunduki walikuwa wamehamishiwa kwenye makazi ya serikali, wanategemea mgao wa unga, na vijana wao wanaandikishwa na jeshi la makaburu kupigana na SWAPO. Wakati sisi tunacheka chupa, wenzetu walikuwa vitani.

Aliyeigiza Xi aliitwa N!xau. Alifariki mwaka 2003, mimi nikiwa bado sijaanza darasa la kwanza. Katika sinema ile anaongea lugha yake, na juu yake kuna sauti ya mzungu inayotueleza anawaza nini. Yule mtafsiri wa sinema na huyu wetu wa Kihonda walikuwa wanafanya kazi moja. Tofauti ni kwamba wa kwetu kila mtu alijua anatania. Na tusijifanye yanatokea kwa wengine tu. Soma makala zetu nyingi kuhusu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi uone ni ngapi zina jina la Mhadzabe hata mmoja aliyesema jambo kwa mdomo wake.

Nchi nzima ilivunjiwa ile kanuni ya stelingi tarehe 7 Aprili 2012, alipofariki Steven Kanumba akiwa na miaka 28. Nakumbuka dada zangu walivyolia, sauti ya redio ya jirani ikipishana na ya kwetu. Siku chache kabla walikuwa wanaangalia Uncle JJ. Lakini kwangu kanuni ilikuwa imevunjika muda mrefu, bandani pale pale, na iliyoivunja ni Sarafina!

Nilikuwa darasa la nne. Ilikuwa Jumapili mchana, ubao umeandikwa SARAFINA, MUZIKI NA VITA, na sisi tuliingia kwa sababu ya hilo neno la pili. Mtafsiri alianza vizuri kabisa. Sarafina, yaani Leleti Khumalo, akawa binti wa Kihonda Maghorofani anayechelewa shule. Mwalimu Mary Masombuka, ambaye ni Whoopi Goldberg, akapewa umwalimu wa zamu. Nyimbo zilipoanza tukapiga makofi, maana hata Freedom Is Coming Tomorrow tulikuwa tunaijua kutoka kwaya ya shule, ingawa hatukujua inatoka wapi.

Kisha askari wakaingia shuleni, risasi zikaanza. Watoto waliovaa sare za shule wakawa wanaanguka. Tulisubiri tuambiwe wa ngapi huyo. Hatukuambiwa. Mtafsiri alikuwa ameshusha kipaza sauti mapajani, kinakoroma tu. Tulibaki na sauti za sinema yenyewe, vilio ambavyo havikuhitaji kutafsiriwa. Mtoto mmoja mbele akasema kwa sauti ndogo, "Stelingi hafi." Hakuna aliyecheka. Ndipo mtafsiri akanyanyua kipaza sauti na kusema kitu ambacho hajawahi kukisema kabla wala baada ya siku ile: "Wadogo zangu, hii siyo picha. Hii ilitokea."

Sinema ile ni ya 1992, imeongozwa na Darrell Roodt, imetokana na mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema. Haimfichi mtu yeyote. Wanafunzi nao wanamchoma moto askari mweusi, na Sarafina yumo. Mwalimu Mary anakamatwa, kisha inasemekana amejirusha dirishani. Sarafina anateswa gerezani. Anapotoka, haendi kuchukua bunduki kama Matrix. Anakwenda kwa mama yake, mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya wazungu, ambaye muda wote alikuwa anamwonea aibu kwa sababu anapiga deki wakati wenzake wanapigania uhuru. Anakwenda kumwambia kwamba sasa amemwelewa. Mama huyo ni Miriam Makeba, yule yule aliyeizungusha Malaika dunia nzima. Sikulielewa jambo lile siku ile. Nililielewa jioni, nyumbani kwetu.

Nilirudi nimekunja ngumi juu, nikazunguka uani nikipiga kelele, "Amandla!" Kwangu lilikuwa neno la sinema tu, kama mengine mengi. Na kutoka jikoni, kwenye moshi, Bibi akaitikia: "Ngawethu!"

Nilisimama. Bibi yangu hajawahi kuingia bandani. Hajui Kiingereza. Akatoka na mwiko mkononi, anacheka. "Mume wangu, hiyo umeitoa wapi?"

Nikamwambia nimeitoa kwenye picha. "Na wewe Bibi, umeitoa wapi?"

"Mimi nimeitoa Mazimbu. Watoto wale nimewapikia miaka sita."

Mazimbu na Kihonda ni pua na mdomo. Nilikuwa napita karibu kila wiki na sikuwa najua kitu zaidi ya kwamba kuna chuo. Hapo ndipo serikali ya Tanzania ilipowapa ANC ardhi mwaka 1977, shamba la mkonge lililoachwa. Vijana walikuwa wanakimbia Afrika Kusini kwa maelfu baada ya tarehe 16 Juni 1976, siku wanafunzi wa Soweto walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu, wakapigwa risasi. Agizo lilikuwa limetolewa mwaka 1974: nusu ya masomo yawe kwa lugha ile. Wengine waliokimbia walitaka kwenda jeshini, lakini wengi walikuwa bado wa kukaa darasani. Ikajengwa shule. Ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Oliver Tambo aliifungua rasmi mwaka 1985, na wakati huo palikuwa na shule ya awali, msingi, sekondari, hospitali na shamba. Ni mji mzima. Mwaka 1992, mwaka ule ule Sarafina! ilipotoka, ANC wakaikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine yenye jina lile lile la Mahlangu.

Hayo nimeyasoma ukubwani. Siku ile Bibi alinipa ya kwake. Alikuwa mmoja wa wapishi. Wanaingia saa kumi alfajiri kuwasha moto, na saa hizo ndizo alizowasikia. Mchana, alisema, hutajua kama wana jambo. Wanaimba, wanacheza mpira, wanakutania. Usiku wanalia wakiwa usingizini. "Wengine walikuwa wadogo kuliko mama yako. Mtu amekuja peke yake, hajui kama mama yake anajua yuko hai." Kuna mmoja alikuwa anakuja kukaa jikoni karibu na majiko, haombi chakula, anakaa tu. Wapishi wakamzoea, wakawa wanampa karanga amenye. Alikufa kwa malaria. Mtoto amekwepa risasi za makaburu, akavuka mipaka sijui mingapi, akaja kuuliwa na mbu wa Morogoro. Siku ya mazishi wapishi walipika, kisha wakasimama nyuma kabisa, wamevaa aproni zao.

Jumamosi iliyofuata akanipeleka makaburini, kwa miguu. Yapo mpaka leo, ndani ya kampasi. Nilikuwa nasoma majina kwa shida, silabi hazifanani na zetu, na Bibi ambaye hajui kusoma vizuri alikuwa ananisubiri nimalize kila moja kabla ya kusogea. Sikusikia hadithi ya stelingi siku ile. Nilisikia majina tu.

Miaka michache baadaye niliingia kidato cha kwanza na nikakuta masomo yote yamegeuka Kiingereza. Bailojia, historia, mpaka tangazo la kufagia. Silinganishi, sisi hatukupigwa risasi, na walimu wetu walikuwa wanatuonea huruma. Lakini kuna siku nimekaa dawati la nyuma, mwalimu anafundisha kitu ambacho ningekielewa vizuri kabisa kwa Kiswahili, nikawaza: kumbe mtu anaweza kuandamana kwa ajili ya hiki. Hakuna kitabu kilichokuwa kimenifanya niwaze hivyo.

Nilipoingia kwenye kazi hii ya magazeti nikaanza kuitazama Soweto kwa jicho jingine. Mtoto anayejulikana zaidi kati ya waliouawa siku ile ni Hector Pieterson, miaka 12. Tunamjua kwa sababu Sam Nzima, mpigapicha wa gazeti la The World, alikuwepo, akapiga picha Mbuyisa Makhubo amembeba, dada yake Antoinette anakimbia pembeni. Gari lililompeleka kliniki lilikuwa la mwandishi mwenzake, Sophie Tema. Nzima aliuficha mkanda wa kamera ndani ya soksi. Picha ilizunguka dunia, na gharama zikaja. Yeye aliandamwa na polisi mpaka akaacha kazi na kurudi kijijini. Makhubo alikimbilia uhamishoni, barua yake kutoka Nigeria ilimfikia mama yake mwaka 1978, kisha kimya. The World lilifungiwa Oktoba 1977 na mhariri wake, Percy Qoboza, akawekwa ndani. Nzima alifariki mwaka 2018. Nikiwaza ni watu wangapi waliolipa ili mtoto mmoja asibaki kuwa idadi, nashindwa kuichukulia kazi yangu kirahisi.

Maana kazi yangu, kwa sehemu kubwa, ni idadi. Ajali imetokea, unampigia kamanda wa polisi wa mkoa, anakupa: wamefariki 6, majeruhi 11. Unaandika maneno 150, ukurasa umejaa, mnakwenda nyumbani. Ni Commando tupu. Mwezi uliopita lori liliigonga bajaji. Taarifa ilisema "mwanamke mmoja". Nikampigia mtendaji wa mtaa, nikauliza jina. Akasema ngoja. Nikangoja, mhariri ananiangalia saa. Akapiga tena na jina kamili, na akaongeza mwenyewe bila kuulizwa: alikuwa mpishi wa shule ya msingi, watoto wote wa mtaa wanamjua. Ikatoka hivyo, mstari mmoja na nusu. Kesho yake mtendaji akanitumia ujumbe kwamba familia imelikata gazeti na kulihifadhi.

Mwaka 2016 ilitoka sinema nyingine, Kalushi, inayomhusu Solomon Mahlangu mwenyewe. Nilimwonyesha Bibi kwenye laptopu, namtafsiria mimi, bila kipaza sauti na bila utani. Tulipofika karibu na mwisho akaniambia nizime. "Mwisho naujua," alisema. "Nimekula mshahara wa jina lake."

Siku hizi nikienda Morogoro huwa namrekodi kwenye simu. Amezeeka, anachanganya miaka, lakini hachanganyi watu. Anajua nani alipenda ukoko, nani alikuwa anavuta sigara nyuma ya ghala. Nimesoma mengi yaliyoandikwa kuhusu shule ile. Viongozi wamo, walimu wamo, wafadhili kutoka nchi za nje wamo. Wapishi bado nawatafuta. Nilimwambia nataka kuandika habari zake, na jina lake lote, na picha. Akakataa. "Usiniandike mimi. Andika wapishi. Tulikuwa wengi." Kisha akaanza kuwataja mmoja mmoja, na mimi nikaanza kuandika. Tumefika wa 17. Kila jina nitalipeleka kwanza kwa watu wake, nipate ruhusa.

Basi na wewe hebu jiulize, ni sinema gani ya utotoni haijakutoka. Ukishaipata, waulize wazee wa nyumbani kwenu. Pengine yupo mmoja hapo jikoni anayeijua sehemu ya pili.